Bolti Zinazopatana na Boti ya Alumini

Boti yangu ya alumini, ambayo huifunga katika hori la Mtwapa, niliwahi kuikabidhi kwa fundi anifungie vishikilio vya mishipi, naye akatumia skrubu za brasi, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Niliridhika kabisa, kwa kuwa brasi inasifika kwa kutoshika kutu. Kabla ya mwaka kwisha, rangi iliyozunguka vichwa vya skrubu ilituna kama lengelenge. Nilipoibonyeza kwa ukucha ilipasuka ikatoa unga mweupe wenye majimaji, na skrubu moja ikachomoka kwa vidole vitupu. Skrubu yenyewe ilikuwa nzima. Bamba la boti ndilo lililoliwa.

Metali mbili tofauti zinapogusana penye maji ya chumvi hufanya kazi kama betri, na iliyo dhaifu huliwa huku ikiikinga ile yenye nguvu. Alumini ni dhaifu mbele ya metali nyingi tunazotumia baharini, na hakuna inayoidhuru kama shaba na jamii yake yote. Kwa hiyo usikubali brasi iguse boti yako, na hata kipande cha waya wa shaba kikianguka ndani ya ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, kiokote siku hiyo hiyo.

Bolti za stenlesi (chuma kisichoshika kutu kwa urahisi) pia zina nguvu kuliko alumini, lakini zinatumika kwa sababu bolti ni ndogo na bamba ni pana, hivyo ulaji huenda polepole, mradi uzitenganishe vizuri. Tafuta zenye alama ya A4 kichwani, yaani daraja la 316, kwani zile za A2 huota madoa ya kutu mapema kwa hewa ya bahari. Weka washa ya nailoni, pitisha bolti ndani ya bushi (kibomba kifupi) ya plastiki, kisha paka gundi ya kuzibia ili maji yasiingie shimoni. Usipake grisi ya grafaiti, ile kaboni nyeusi ya penseli, hata kidogo, kwa maana grafaiti nayo huila alumini.

Penye kazi nyepesi napendelea riveti za alumini, vile vipini vinavyobanwa kwa kuvuta msumari ulio ndani yake. Hakikisha na msumari wake wa ndani ni wa alumini, kwa sababu nyingi za madukani zina msumari wa chuma, na kipande kinachobaki ndani hushika kutu.

Bamba langu lilikatwa likachomelewa kiraka. Vishikilio sasa vimekaa juu ya plastiki ngumu kwa bolti za A4, na kila baada ya miezi mitatu nafungua moja kutazama kama kuna unga mweupe.