Kelele za Kidato cha Pili baada ya mapumziko

Pole sana mwalimu. Umeuliza uwatulizeje Kidato cha Pili wanaporudi kutoka mapumziko: watoto 84 kwenye chumba kimoja hapo Mbagala, na mabenchi ya nyuma yamekukausha sauti! Acha kwanza kushindana nao kwa kelele. Ukipaza sauti, nao wanapaza ili wasikilizane.

Fujo nyingi huanza dakika 5 za mwanzo, wewe unafuta ubao na wao hawana kazi. Waandikie maswali 3 mafupi ya kipindi kilichopita kabla hawajaingia, kisha simama mlangoni uwapokee. Mwenye ubuyu mdomoni amalizie nje.

Mwanafunzi wa nyuma anayepiga kelele usimfokee mbele ya wenzake. Atakujibu ili asionekane mnyonge, na darasa zima litageuka watazamaji. Endelea kufundisha huku ukimsogelea, weka kidole kwenye daftari lake, mwambie kwa sauti ya chini, "Swali la pili," halafu ondoka. Hapo kwenye kuondoka ndipo wengi tunapokosea: ukibaki umemkodolea macho, unamlazimisha akujibu. Kama madawati yamebanana, fungua njia moja ya katikati hadi ukutani.

Akirudia, mbakishe dakika 2 baada ya kengele. Muulize kama ubao anauona, na kama amekula. Usiruke swali la ubao, maana mtoto asiyeona maandishi hana cha kufanya ila kupiga soga.

Fimbo usiishike kiholela. Kanuni za viboko shuleni hapa Tanzania zinataka idhini ya maandishi ya mkuu wa shule, viboko visizidi 4, na viandikwe kwenye kitabu.