Accumulate, accrue, amass: lipi liandikwe wapi

Mwalimu mmoja amenitumia rasimu ya barua anayotaka kumwandikia mkurugenzi wa halmashauri, nimpitishie jicho. Anadai tofauti ya mshahara tangu apandishwe daraja. Sentensi yake ya kwanza inasema: "I request payment of my accumulated salaries." Sarufi haina kosa, ila mgeni wa Kiswahili akiisoma ataelewa kwamba huyu ana akiba ya mishahara mahali fulani na sasa anataka kuitoa. Malimbikizo ya mshahara kwa Kiingereza cha ofisini ni "salary arrears". Aandike "payment of salary arrears from July to December", ataje kiasi, aambatishe barua ya kupandishwa daraja, basi.

Chanzo cha makosa haya ni sisi kuwa na "limbikiza" moja inayobeba mali, madeni, riba, likizo na mishahara. Kiingereza kimegawa kazi hiyo kwa maneno kadhaa, na kila neno lina eneo lake.

"Accumulate" ni kuongezeka kidogo kidogo kwa muda hadi kuwa rundo. Limetoka kwenye Kilatini "cumulus", yaani rundo, jina ambalo Luke Howard wa London aliyapa yale mawingu ya mafungumafungu mwanzoni mwa karne ya 19. Tahajia yake ni c mbili, m moja, l moja. Wengi huongeza m.

Kosa ninaloliona kuliko yote ni la kauli. Sisi tunasema vumbi limerundikana, maji yametuama, taka zimejaa. Hakuna aliyefanya, mambo yametokea tu. Mwandishi akifika kwenye Kiingereza anashikwa na hofu, anaandika "dust has been accumulated on the shelves". Hapo amesema kuna mtu alikusanya vumbi kwa makusudi na kulipanga kwenye rafu! Andika "dust has accumulated on the shelves", "water accumulates behind the wall". Kitenzi hiki kinasimama chenyewe bila shamirisho. Kikipata mtendaji, nacho kinakubali: "she accumulated large debts". Kauli ya kutendwa ibaki pale ambapo kweli kuna aliyekusanya, mfano "data accumulated by the clinic over ten years". Na usiongeze "gradually" wala "together" bila sababu. Yote yamo ndani ya neno tayari.

"Accrue" ni la haki na fedha: kitu kinachozaliwa kadiri siku zinavyopita, kwa mujibu wa mkataba au sheria. Chukua mkopo wa shilingi 1,000,000 kwa riba ya kawaida ya asilimia 12 kwa mwaka. Kila mwezi riba ya 10,000 ina-accrue, ulipe usilipe. Usipolipa miezi mitatu, "accrued interest" ni 30,000. Likizo ni vivyo hivyo. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka, kwa hiyo "leave accrues at 1.75 days per month". Siku hizo zikirundikana kwa kuwa hukuzichukua, hapo ndipo unasema "accumulated leave". La kwanza linataja haki inavyozaliwa, la pili linataja rundo. Kihusishi cha "accrue" ni "to": "benefits accrue to the members".

Wahasibu wana mtego wao. Uchakavu wa mali haupewi "accrued" bali "accumulated depreciation". Mashine ya 2,400,000 inayotarajiwa kudumu miaka 5, bila thamani ya mwisho, huchakaa kwa 480,000 kila mwaka. Baada ya miaka 3 "accumulated depreciation" ni 1,440,000 na thamani iliyobaki vitabuni ni 960,000. Ukibadilisha neno hapo, mkaguzi ataduwaa.

"Amass" ni kulimbikiza kwa wingi, mara nyingi mali, silaha au ushahidi, na kwa kawaida linataka shamirisho. Watu wakikusanyika kituoni ni "gathered". Fedha unazodunduliza ununulie bati ni "saving up". Kwenye wasifu wa kazi, "gained five years' experience" inatosha; acheni imani kwamba neno refu ndilo Kiingereza kizuri.

Kivumishi unachokihitaji mara nyingi ni "cumulative", kama kwenye wastani wa alama za chuo tangu mwaka wa kwanza. "Accumulative" lipo, ila litakusumbua bure. Na "accumulator" kwa Waingereza wacheza kamari ni mkeka wetu, yaani tiketi moja ya kubashiri mechi kadhaa, kwa Wamarekani ni "parlay". Odi za 1.5, 2 na 1.8 huzidishwa, hazijumlishwi: zinakuwa 5.4, na timu moja ikifungwa mkeka wote umechanika.