Je, kuomba uhamisho ni kukosa imani?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kaunti ya Mandera, mpakani na Somalia; kwetu ni magharibi mwa Kenya. Kila likizo ikiisha, nikipanda basi la kurudi kazini tumbo hunikata. Wapendwa kanisani huniambia, "Usiogope, Mungu atakulinda." Lakini wale wanafunzi wa Garissa walikuwa kwenye maombi. Mbona hawakulindwa? Na nikiandika barua ya uhamisho, nitakuwa nimemkana Kristo?

JIBU: Amina, mwalimu. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa na magaidi wa al-Shabaab katika Chuo Kikuu cha Garissa, na baadhi yao walikuwa wameamka alfajiri kusali. Yeyote atakayekuambia imani yao ilipungua anawasingizia marehemu, na anamsingizia Mungu pia.

Soma Matendo 12 polepole. Herode anamuua Yakobo, nduguye Yohana, kwa upanga. Akiona watu wamefurahi, anamkamata na Petro. Kanisa linaomba kwa juhudi, malaika anaingia gerezani, minyororo inaanguka, lango la chuma linafunguka lenyewe. Sisi wahubiri tunalipenda mno hilo lango, na mstari wa pili, wenye kifo cha Yakobo, tunaupita mbio. Lakini Yakobo alikuwa na Petro mlimani Yesu alipogeuka sura, na Gethsemane pia. Hakupendwa kidogo. Luka haelezi kwa nini mmoja aliuawa na mwenzake akatoka, nami sitajifanya ninajua. Waebrania 11 ni vivyo hivyo: mstari wa 34 wako waliookoka na makali ya upanga, mstari wa 37 wako waliouawa kwa upanga, na wote wanasifiwa kwa imani ileile.

Kwa hiyo, kama "Mungu atakulinda" maana yake ni kwamba hutaguswa, hiyo ni ahadi ambayo Yesu hakuitoa. Katika Luka 21 aliwaambia wanafunzi kwamba baadhi yao watauawa, kisha papo hapo akasema hata unywele mmoja wa vichwa vyao hautapotea. Maneno hayo hayapatani bila ufufuo. Ulinzi wake unavuka kaburi, na hapo ndipo tumaini letu lilipo.

Kuhusu barua: iandike. Yesu mwenyewe alisema wakikufukuza mji huu, kimbilia mwingine (Mathayo 10:23). Paulo alishushwa ukutani Dameski ndani ya kapu, usiku, na hakuna aliyemwita msaliti. Basi liliposhambuliwa Mandera Novemba 2014 na abiria 28 kuuawa, wengi wao walimu, walimu wengi walikataa kurudi. Siwezi kuwahukumu. Kumkana Kristo ni kumkana Kristo. Kuhama kituo cha kazi ni jambo jingine.

Unapongoja jibu, omba kama wale vijana watatu wa Danieli 3: Mungu wetu aweza kutuokoa, "bali kama si hivyo", hatutamwacha. Na usione aibu kwa hofu yako. Zaburi 56 inasema, "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe". Mwenye kusema hivyo alikuwa anaogopa.

Usiwahesabu majirani zako wote kuwa adui. Desemba 2015, katika basi jingine la kwenda Mandera, magaidi walilivamia, na abiria Waislamu wakakataa kutengwa na Wakristo. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, na Januari 2016 akafariki. Mimi nauona mkono wa Mungu katika tendo lile, na nawashukuru watu wale kwa moyo wote.

Na hao wapendwa wanaokuambia Mungu atakulinda, waonyeshe jibu hili. Ndege huruka kutoka Nairobi hadi Mandera. Wakuchangie nauli.