Mhusika Msaidizi Asimfunike Mchezaji

Swali: Ninaendesha mchezo wa Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kurusha dadu) kwa wachezaji wawili tu, nao hushindwa karibu kila pambano. Je, niwaongezee mhusika msaidizi, na nani amwongoze?

Jibu: Waongezee bila kusita, kwa sababu mapambano mengi ya mchezo huo hupangwa kwa kukadiria kundi la watu wanne au zaidi, na mmoja wa wawili anapoanguka, nusu ya nguvu yao huondoka naye. Kanuni zilizochapishwa mwaka 2020 zinakuruhusu kumchagua kiumbe ambaye kiwango chake cha ugumu, yaani namba inayoonyesha ugumu wa kumshinda, hakizidi 1/2, kisha kumfanya mpiganaji, mtaalamu wa stadi au mtumia uchawi, akianza na ngazi iliyo wastani wa ngazi za kundi. Wachezaji wako wakiwa wote ni watu wa upanga, mtumia uchawi anayeweza kuponya atawafaa kuliko mpiganaji wa tatu.

Kuhusu wa kumwongoza, ninakusihi uwaachie wachezaji wenyewe warushe dadu zake vitani, maana msimulizi, yaani mwendeshaji wa mchezo kama wewe, anayempiganisha msaidizi dhidi ya maadui anaowaendesha yeye mwenyewe huwageuza wenzake kuwa watazamaji. Wewe baki na sauti yake: hofu zake, deni analomdai mtu fulani, sababu ya kuwafuata. Fumbo likiwashinda, asitoe jibu; aulize swali linalowarudisha kwenye dalili waliyoipita.