Kikohozi cha mtoto: kabla ya amoksisilini, hesabu pumzi

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni tabibu kwenye zahanati ya kijijini. Kila asubuhi napokea watoto wenye mafua na kikohozi. Kipimo cha haraka cha malaria kinatoka hasi, lakini nawaandikia amoksisilini, ile antibiotiki, kwa tahadhari, maana mama aliyetembea saa mbili hakubali kurudi na panadoli tu. Jana alikuja mtoto wa miezi 14, kilo 9 na nusu, homa kidogo, makamasi ya njano, ananyonya vizuri. Je, nilikosea kumpa?

JIBU: Marahaba. Umenieleza rangi ya makamasi, hukunieleza alikuwa anapumua mara ngapi kwa dakika. Makamasi ya njano hayathibitishi bakteria; mafua ya kawaida hugeuka hivyo baada ya siku chache.

Mwache mtoto mapajani kwa mama, mfunue tumbo, weka saa, hesabu dakika nzima. Si nusu dakika mara mbili. Akilia, subiri atulie, hata kama foleni inanung'unika. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mtoto wa miezi 2 hadi 11 mwenye pumzi 50 au zaidi, na wa miezi 12 hadi 59 mwenye 40 au zaidi, ana nimonia. Tazama pia kama kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta hewa. Ukisikia kifua kinapiga filimbi huku anapumua haraka, mpulizie kwanza salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, hata mara tatu kila baada ya dakika 15 hadi 20, kisha hesabu upya. Wengi hupona nimonia yao hapo hapo kwenye benchi, kwa sababu haikuwa nimonia.

Kama wako alikuwa na pumzi 36 na kifua kimetulia, hakuhitaji amoksisilini. Angeambulia kuharisha tu, na vijidudu vya tumboni mwake vingejizoeza dawa utakayoihitaji siku ameugua kweli.

Angefika 45, angestahili kidonge cha miligramu 250 cha kuyeyusha, kimoja asubuhi na kimoja jioni, siku 5. Dozi inafuata uzito: kilo 4 hadi chini ya 10 kimoja, 10 hadi chini ya 14 viwili, 14 hadi 19 vitatu, vyote mara mbili kwa siku. Septrini (kotrimoksazoli) si chaguo la kwanza tena kwa nimonia, hata kama imejaa kabatini. Asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea, huyo ni wa rufaa, pamoja na wote walio chini ya miezi 2.

Kuhusu mama: hataki antibiotiki, anataka kuona mwanawe amepimwa. Hesabu pumzi mbele yake kwa sauti, mwambie jibu lake. Kwa aliyezidi mwaka, asali kidogo hutuliza koo. Dawa za maji za kikohozi zenye kodeini usimpe. Arudi siku ya 5 kama hajapata nafuu, au mara moja akianza kupumua haraka au kushindwa kunyonya. Idadi ya pumzi iandike kwenye kadi yake ya kliniki, ili atakayekuwa zamu siku hiyo awe na pa kulinganishia.