Transista Ikiungua, Mtafute Aliyeiunguza

Wanaoniletea vifaa vilivyozima mara nyingi huja na hukumu tayari: "Transista imeungua, weka nyingine." Na kweli, nikifungua naikuta imepasuka. Ila kwa muda wote niliofanya kazi hii, naweza kusema bila kusita kwamba transista haifi bure. Ukiweka mpya bila kuuliza ya kwanza iliuawa na nini, nayo itafuata, pengine siku hiyohiyo.

Kwanza tujue inafanya nini. Katika redio, wimbi linalonaswa na antena ni dhaifu mno, na transista hulikuza hadi liweze kutikisa spika. Kabla haijabuniwa katika maabara za Bell, Marekani, mwaka 1947, kazi hiyo ilifanywa na vali za kioo ambazo lazima zipate moto kwanza. Redio ya Regency TR-1 iliyoingia madukani mwaka 1954 ilikuwa na transista nne tu, na ilitosha mfukoni.

Kazi ya pili ni kuwasha na kuzima, na hapa ndipo vifaa vingi vya nyumbani vinapotegemea uhai wao. Chukua chaja ya simu. Umeme wa volti 230 ukishanyooshwa kuwa mkondo mnyoofu hufika kama volti 325. Transista huukatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, ndipo upite kwenye transfoma. Kasi hiyo ndiyo inayoruhusu transfoma iwe ndogo kama ncha ya kidole. Televisheni na balbu nyingi za LED hutumia mtindo huohuo, na friji ya inveta huendesha mota yake kwa transista. Pasi ya kawaida inayodhibitiwa na kibati kinachopinda kwa joto haina hata moja.

Sasa, nini huziua? Joto, kwanza kabisa. Transista nyingi za silikoni haziruhusiwi kuzidi nyuzi 150 hivi kwa ndani, na vumbi lililoziba matundu ya hewa huzisogeza huko polepole. Kwa hiyo ondoa kitambaa juu ya king'amuzi, na televisheni isibanwe ukutani. Umeme ukikatika, chomoa vifaa. Ukirudi, subiri kidogo utulie, kwa sababu volti huweza kuruka juu ghafla na kutoboa silikoni. Muuaji mwingine ni kapasita, kipande kinachohifadhi chaji ya umeme, iliyokauka au kuvimba kichwa: yeye hudhoofika, transista ndiyo inayolipa.

Fyuzi ikikatika na kioo chake kikawa cheusi, kuna shoti mbele yake. Naomba sana usiweke fyuzi kubwa zaidi wala kipande cha waya. Nyumba huungua kwa njia hiyo.

Kama unapenda kufungua mwenyewe, kumbuka kapasita kubwa hubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa. Ngoja, kisha ipime kabla ya kugusa chochote. Weka mita kwenye alama ya diodi. Transista ya kawaida ina miguu mitatu: bezi, emita na kolekta. Ikiwa nzima, husoma kama volti 0.6 kati ya bezi na emita kwa upande mmoja. Kolekta na emita zikisoma karibu na sifuri pande zote mbili, imepiga shoti. Thibitisha ukishaing'oa, maana vipande vingine kwenye saketi huweza kudanganya mita. Ukiweka mpya, rudisha karatasi ya kuhami iliyokuwa kati yake na bati la kupozea, kwani mgongo wa transista nyingi umeungana na kolekta.

Ukimaliza, usiwashe moja kwa moja. Mimi hupitisha umeme kwanza kwenye balbu ya zamani ya waya, iliyounganishwa kwa mfuatano na kifaa. Balbu ikimulika mara moja kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inang'aa, zima: shoti bado ipo, na transista mpya imeokolewa na balbu.