Jibu: Mzee kavunjika nyonga, nimpeleke wapi kwa mazoezi?

Pole sana mkuu. Umesema mzee wako ana miaka 74, amewekewa nyonga ya bandia, karibu ataruhusiwa, na unatafuta mahali pa kumweka mpaka atembee. Nilipita hapo mwaka 2019, mama yangu alipoteleza bafuni.

Sisi tulianza vibaya. Tuliruhusiwa na karatasi ya dawa tu, mazoezi hakuna aliyetutajia. Nyumbani tukamlaza. Kila akitaka kuinuka dada zangu wanamrudisha: "Mama, pumzika." Kula kitandani, kuoga kitandani. Wiki ya tatu ana kidonda juu ya makalio, na akikalishwa anayumba kama mtoto. Huruma yetu ilimdhoofisha kuliko ule mvunjiko. Bado inaniuma.

Kwa hiyo usitoke wodini kabla hujaonana na mtu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi. Akuoneshe kwa mikono namna ya kumwinua mzee, na akwambie akanyagie mguu ule kwa uzito kiasi gani. Mrekodi kwa simu, maana ukifika nyumbani kila ndugu atakuwa na lake. Na uulize makatazo. Mama alikatazwa kukunja nyonga kupita nyuzi 90, kukunja nne na kukalia kigoda. Sasa choo chetu ni cha kuchuchumaa! Seremala akatutengenezea kiti cha mbao chenye tundu, tukakisimamisha juu ya choo. Mikeka yote sakafuni tukaikunja.

Mahali: kwa Dar, MOI (taasisi ya mifupa) pale Muhimbili na hospitali ya CCBRT wana fiziotherapia, kaskazini kuna hospitali ya KCMC, Moshi. Lakini usikimbilie jina. Sisi kutoka Mbagala mama alikuwa anafika Muhimbili amechoka, mazoezi yenyewe hayafanyi. Tulipohamia hospitali ya karibu, mara mbili kwa wiki, na siku nyingine tukafanya wenyewe asubuhi na jioni, ndipo akaanza kusogea na kitembezi, ile fremu ya kushikilia. Makazi ya wazee ya serikali, kama Nunge kule Kigamboni, ni kwa wazee wasio na wa kuwatunza; usiyahesabu kama sehemu ya mazoezi.

Gharama zikikubana, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana haki ya msamaha wa matibabu, ila ni lazima uombe.

Na wakija wa kumkanda na kumvuta mguu, wakatalie kwa adabu. Nyonga ya bandia inaweza kuchomoka. Mguu ukivimba ghafla au kuuma nyuma ya goti, au akihema kwa shida, mrudishe hospitali saa hiyo hiyo. Huenda damu imeganda.

Mama alichukua miezi 5 kufika kibarazani kwa mkongojo. Niambie mko mkoa gani na choo chenu kikoje, nikuelekeze zaidi.